Mitindo na mashindano ya kupanda farasi: maswali ninayoulizwa kila wikendi

Nilianza kama saisi. Kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi alfajiri, kukwangua kwato na kubeba ndoo za maji. Kupanda kulikuja baadaye, kwa kuibia dakika mbili tatu wakati wa kuwarudisha farasi bandani. Siku hizi nafundisha watoto nje kidogo ya Nairobi, na kila Jumamosi hakosi mzazi aliyeegemea uzio akiniuliza lile lile aliloniuliza mwenzake wiki iliyopita. Basi nimeyaandika hapa, ili nikiulizwa tena niweze kumwonyesha mtu simu yangu na kuendelea na somo.

Kuna tofauti gani kati ya mtindo wa Kiingereza na ule wa wachunga ng'ombe wa Marekani?

Anza na tandiko, maana ndilo linalokueleza kazi. Tandiko la mchunga ng'ombe wa Marekani ni kubwa, zito, pana kama kiti cha babu, na mbele lina kigingi kimechomoza. Kile kigingi si cha kujishikilia, ingawa kila mgeni hukirukia. Ni cha kuzungushia kamba baada ya kumnasa ng'ombe kwa kitanzi. Mchungaji alikuwa akishinda juu ya farasi kutwa nzima, hivyo uzito wake ulitakiwa usambae mgongoni. Mkono mmoja ulikuwa na kamba, hivyo hatamu zote zikabaki kwenye mkono wa pili, tena zimelegezwa. Akitaka kwenda kushoto, anaegemeza hatamu ya kulia kwenye shingo ya farasi, naye anajiondokea upande wa pili. Desturi yenyewe waliirithi kutoka kwa Wahispania kupitia Meksiko.

Tandiko la Kiingereza ni jepesi na halina kigingi. Lilikulia jeshini na kwenye uwindaji, ambako mtu aliruka mitaro na nyua akiwafuata mbwa wake. Hatamu hushikwa kwa mikono miwili, na mpanda hadumu bila kuugusa mdomo wa farasi kidogo kupitia lijamu, kile chuma cha mdomoni, kama vile unavyomshika mtoto mkono sokoni: humvuti, lakini humwachi.

Nilimpandisha kijana mmoja aliyejifunzia kwenye shamba la ng'ombe huko Marekani. Alikaa vizuri kuliko wanafunzi wangu wote, mgongo umetulia, visigino chini. Ila aliziachia hatamu zake kama alivyozoea. Farasi wetu akaona kumbe leo hana mwenyewe, akatembea polepole hadi ukingoni mwa uwanja, akainamisha kichwa na kuanza kula majani. Kijana alimsemesha kwa kila lugha aliyoijua. Hakuna aliyekosea pale, kila mmoja alifundishwa lugha yake.

Farasi ana mwendo wa aina ngapi?

Kwa kawaida minne. Kuna kutembea, ambako kila kwato hugonga peke yake, mapigo manne. Kuna matiti, mapigo mawili, miguu ikienda kwa jozi za mshazari, na hapo ndipo makalio ya mgeni hupata habari yake. Kuna mbio fupi za mapigo matatu, zinazobembea kama kiti cha bembea. Halafu shoti, mbio zenyewe. Wazee wa pwani wana neno jingine, telki, mwendo wa haraka na laini wa punda mzuri, ambao unaweza kuunywea kahawa bila kuimwaga. Nalipenda neno hilo na nasikitika halisikiki sana mazizini.

Michezo ipi ya farasi iko kwenye Olimpiki?

Mitatu: dresaji, kuruka viunzi, na iventi, ambayo huunganisha hiyo miwili na mbio za porini. Yote mitatu ilikutana kwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1912, na kwa miaka mingi wapanda wake karibu wote walikuwa maafisa wa jeshi. Kuna kisa kimoja ambacho sichoki kukisimulia. London, mwaka 1948, Uswidi ilishinda dhahabu ya timu ya dresaji. Baadaye ikabainika kwamba mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa afisa kamili. Alikuwa askari wa cheo cha chini aliyepandishwa cheo kwa ajili ya michezo tu, kisha akarudishwa alikokuwa. Mwaka uliofuata dhahabu ikanyang'anywa na kupewa Ufaransa. Farasi hakukosea hatua hata moja. Kilichokosewa ni nyota za begani. Sheria ilipobadilishwa, Persson huyo huyo alirudi na kushinda dhahabu na timu yake mwaka 1952 na tena 1956.

Hiyo 1952, Helsinki, ndiyo mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye dresaji. Akaja Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimpooza kuanzia magotini kwenda chini. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Akiwa juu ya farasi wake Jubilee alichukua fedha dhidi ya wanaume wenye miguu mizima, na miaka minne baadaye akachukua nyingine. Mwanafunzi akiniambia kwamba farasi hamsikii kwa sababu miguu yake haina nguvu, namhadithia habari za mama huyu, halafu tunaendelea na somo.

Hadi leo wanaume na wanawake hushindana pamoja, medali zile zile.

Dresaji ni nini hasa? Mbona farasi anaonekana anacheza ngoma?

Ni mtihani wa utii na wepesi. Uwanja una mita 20 kwa 60, pembeni una herufi, na mpanda anatakiwa afanye jambo fulani hasa anapofika kwenye herufi fulani. Waamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kipengele, na jumla hugeuzwa kuwa asilimia. Ile inayoonekana kama ngoma huitwa piafe: farasi anakwenda matiti pale pale aliposimama, bila kusonga mbele. Si sarakasi iliyobuniwa na mwanadamu. Mwachie dume malishoni apite jike, utaiona bure.

Nakiri, mara ya kwanza kuangalia dresaji nilisinzia. Ni mchezo unaochosha mpaka ujue pa kutazama. Usimtazame mpanda, mtazame farasi: mkia unaning'inia umetulia au unapigapiga kwa hasira? Masikio yanamsikiliza aliye juu? Mdomo umefunga au anatafuna lijamu kwa kero? Waliobobea hata hawaonekani wakifanya chochote. Desemba 2014, jijini London, Charlotte Dujardin wa Uingereza na farasi Valegro walipata asilimia 94.300 katika mtihani wa muziki, na ukiangalia picha zake utaapa mama yule amebebwa tu.

Na kuruka viunzi? Nani anashinda, aliyeruka juu zaidi?

Hapana, hapo wengi hukosea. Anayeshinda ni aliyeangusha vichache. Kila kiunzi kikianguka ni makosa 4. Farasi akikataa kuruka ni 4 pia, na kwenye mashindano makubwa akikataa mara ya pili anatolewa, sawa na mpanda akianguka. Kupitiliza muda pia ni makosa. Walio safi wote hurudi kwa duru fupi ya kufukuzana na saa, na hapo ndipo utamu ulipo, maana anayekata kona kwa haraka mno hugonga na anayechunga mno hupitwa. Viunzi vya daraja la juu hufika kimo cha mita 1.60, yaani karibu na utosi wa watu wengi unaowajua.

Kuruka juu kwa ajili ya kimo tu kulikuwa mchezo mwingine. Rekodi yake imekaa tangu Februari 5, 1949, huko Viña del Mar, Chile: kapteni Alberto Larraguibel na farasi Huaso, mita 2.47. Simama chini ya dari ya sebule ya kawaida uinue macho, ndiyo hapo.

Tunavyokaa tunaporuka, kiwiliwili mbele na makalio yameachana na tandiko, ni kazi ya afisa wa Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907. Kabla yake watu waliegemea nyuma wakivuta hatamu farasi akiwa hewani, wakidhani wanamsaidia kutua. Caprilli alichofanya ni kuwatazama farasi wakiruka bila mtu, akauliza: kwa nini tusimwachie aruke hivyo hivyo?

Iventi ni hatari kama inavyosemwa?

Ndiyo, sitakudanganya. Dresaji kwanza, kisha mbio za porini, mwisho kuruka viunzi, farasi na mpanda wale wale. Sehemu ya katikati ndiyo yenye hatari, kwa sababu vizuizi vyake ni magogo, kuta na mabwawa, na havianguki ukivigonga kama fito za uwanjani. Farasi akikataa ni adhabu ya pointi 20. Ndiyo maana wapanda huvaa fulana nene ya kukinga mbavu pamoja na helmeti, na siku hizi wengi huongeza ile inayojaa hewa mtu akitupwa. Baadhi ya vizuizi vimewekewa pini zinazokatika farasi akigonga kwa nguvu. Mashindano mashuhuri zaidi ni ya Badminton, Uingereza, yaliyoanza mwaka 1949. Asichanganye mtu na mchezo wa vinyoya. Jina ni la mahali hapo hapo, kasri moja.

Mbio za masafa marefu ni marathoni ya farasi?

Karibu, ila marathoni hakuna daktari wa kukuzuia kilomita ya 30 kwa sababu moyo wako unadunda mno. Ngazi ya juu ni kilomita 160 kwa siku moja, zikigawanywa kwa mizunguko. Kila mzunguko ukiisha, farasi hupita mbele ya daktari wa mifugo. Mapigo ya moyo lazima yashuke, kwa kawaida hadi 64 kwa dakika, ndani ya muda uliowekwa. Daktari hubonyeza ufizi aone damu inarudi upesi kiasi gani, hufinya ngozi ya shingo aone kama maji mwilini yamepungua, huweka sikio tumboni kusikiliza utumbo, kisha anaamuru farasi akimbizwe mbele yake kwa matiti aone kama anachechemea. Akichechemea, safari imekwisha, hata kama alikuwa akiongoza. Kauli ya watu wa mchezo huu ni kwamba kumaliza ndiko kushinda.

Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Lakini mchezo huu umeingia jangwani kwa kasi ya kutisha. Ghuba kuna fedha, kuna farasi wa Kiarabu walioumbiwa safari ndefu, na mchanga ulio tambarare unaoshawishi mtu kukimbia kuliko inavyostahili. Malalamiko kuhusu farasi kuumizwa yalifikia mahali ambapo mwaka 2015 shirikisho la dunia la michezo ya farasi, lenye makao yake Lausanne, lilisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu. Na tatizo si la Ghuba peke yake. Mwaka 2018 huko Tryon, Marekani, mbio za ubingwa wa dunia zilifutwa katikati kwa sababu ya joto na unyevunyevu. Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, ndiyo sababu nausema.

Mbona jirani zetu Omani husimama juu ya farasi?

Hiyo ni ardha. Farasi wawili wanakwenda shoti sambamba, wapanda wameshikana mikono, na mmoja anasimama wima juu ya tandiko. UNESCO iliiandikisha ardha ya farasi na ngamia kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2018. Waswahili wenye ndugu Maskati wamenionyesha video za harusi na sikukuu ambazo kijana wa kawaida tu, si mwanajeshi, anafanya hivyo akiwa na kanzu na jambia. Omani pia hucheza kung'oa vigingi: unakuja shoti na mkuki, unachoma kipande cha mbao kilichopigwa ardhini na kupita nacho. Mchezo huo ni wa kale na Asia ya Kusini wanaucheza sana.

Tukirudi kwetu pwani, Lamu wakati wa Maulidi kuna mbio za punda pembeni mwa bahari, vijana wakipanda bila tandiko. Usiwacheke. Kukaa juu ya punda asiye na tandiko anayekata kona kati ya watu ni ufundi ambao nusu ya wanafunzi wangu hawana.

Polo na mbio za Ngong nazo ni kupanda farasi?

Ni kupanda farasi, ila wenyewe hawapendi kufananishwa. Polo ina wachezaji wanne kila upande, wakipiga mpira kwa nyundo ya mpini mrefu, na muda hugawanywa kwa chuka za dakika saba hivi. Farasi hubadilishwa chuka hadi chuka, kwa hiyo mchezaji mmoja anahitaji farasi kadhaa, na hapo ndipo umaskini wa wengi wetu unapoingilia kati. Kila mchezaji ana kiwango, kuanzia -2 hadi 10, na wa 10 ni wachache mno duniani, Waargentina wakitia fora. Nyundo lazima ishikwe mkono wa kulia, hata kama wewe ni wa kushoto, kwa sababu wawili wakikutana uso kwa uso kwa kasi ile, kila mmoja lazima ajue mwenzake atapitia wapi. Nairobi polo huchezwa Jamhuri Park, na ukifika mapema kabla ya mechi utaona kazi halisi: masaisi wakifunga mikia isije ikanasa nyundo na kuwazungushia farasi bendeji miguuni.

Mbio za Ngong huwa Jumapili. Joki hufupisha vikuku, vile vya kukanyagia mguu, mpaka anachutama juu ya farasi badala ya kukaa. Mengine muulize anayejua kubashiri. Mimi nimepoteza ya kutosha.

Wale wanaozunguka mapipa?

Ni mchezo wa mtindo wa kichungaji. Mapipa matatu, unayazunguka kwa umbo kama jani la klova na kurudi mbio. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde 5. Unaovutia zaidi kwangu ni ule wa kumtenga ng'ombe na kundi. Mpanda humchagua mmoja, anamtoa nje, kisha anashusha mkono wa hatamu, na kuanzia hapo farasi ndiye anayeamua. Ng'ombe akienda kulia, farasi ameshafika kulia. Mmasai yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ndama mkaidi ataelewa mchezo huu kuliko mimi ninavyoweza kuueleza.

Kwa nini farasi ni wachache Afrika Mashariki, wakati punda wamejaa?

Mbung'o na usubi. Mbung'o hueneza nagana, ambayo huwamaliza farasi upesi. Usubi hueneza homa ya farasi ya Kiafrika, ambayo ni mbaya zaidi, maana farasi asubuhi anakula na jioni anatoa povu puani. Punda huistahimili vizuri zaidi. Ndiyo maana farasi wetu wengi wako maeneo ya juu na baridi, kama Nanyuki, Gilgil na Arusha, huchanjwa kila mwaka, na hurudishwa bandani kabla ya magharibi, saa ambayo usubi hutoka. Barani kote kuna farasi wengi zaidi kuliko watu wanavyodhani: Basotho wa Lesotho hawana mlima usiopandwa na farasi, Ethiopia wana desturi zao za kale, na Kano, Nigeria, wana gwaride la sikukuu.

Je, farasi hateswi?

Wengine huteswa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, katika pentathloni, mchezo unaounganisha michezo mitano, mpanda wa Ujerumani alipewa farasi asiyemfahamu, wakapewa dakika 20 za kuzoeana kama ilivyo kanuni, na farasi akakataa katakata. Kocha alimpiga farasi ngumi mbele ya kamera. Kelele zilizofuata ziliuondoa kabisa upandaji farasi kwenye pentathloni baada ya Paris 2024. Na huyo Dujardin niliyemsifu hapo juu alijitoa kwenye Paris 2024 ilipotoka video akimchapa farasi miguuni wakati wa mafunzo, akafungiwa mwaka mmoja. Sijafuta sifa nilizoziandika, maana ile 94.300 ni kweli. Lakini na video ni kweli.

Ukitafuta mahali pa kujifunzia, usiangalie vikombe kabatini. Nenda nyuma, mazizini, inua mkono taratibu karibu na kichwa cha farasi. Akishtuka na kurudi nyuma, nawe rudi nyuma, nenda kwingine.

Nimefika miaka 45 na kilo 90. Nimechelewa?

Miaka haina neno. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishiriki dresaji London 2012 akiwa na umri wa miaka 71. Mara yake ya kwanza Olimpiki ilikuwa 1964. Kilo ndizo tutakazoongea, kwa heshima. Mazizi mengi hufuata kipimo kwamba mpanda na tandiko wasizidi sehemu ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 500 anakutosha. Poni, yaani farasi asiyezidi sentimita 148 mabegani, mwachie mwanao.

Kwa nini farasi hupandwa upande wa kushoto?

Upanga ulining'inia kushoto. Upanga haupo tena, mazoea yamebaki. Mimi wanafunzi wangu nawapandisha pande zote mbili, mgongo wa farasi unanishukuru.

Nianze na mtindo gani?

Wowote ambao farasi wake yuko karibu na nyumbani kwako. Miezi sita ya kwanza hakuna mtindo, kuna kutoanguka tu. Njoo na viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku, suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya paja, na uje nusu saa kabla ya somo. Utakwangua kwato kwanza.